Adha za Msafiri katika Chumba cha Kukodi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tulipotakiwa na Halmashauri tuseme neno juu ya safari za kazi, tulijiuliza ni neno gani ambalo bado halijasemwa. Habari za posho zimesemwa mara nyingi, na za magari mabovu, na za barua za ruhusa zifikazo baada ya msafiri kurudi. Tukaona afadhali tuseme juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulinung'unikia njiani, walakini hatujalileta mkutanoni hata siku moja: nalo ni chumba alalamo mtumishi akiwa mbali na nyumbani kwake. Labda wengine watasema jambo hili ni dogo. Lakini mtu aliyekesha hawezi kukagua hesabu sawasawa, wala kufundisha, wala kusikiliza shauri la watu kwa subira. Tukilala vibaya sisi, watu wanaotungoja asubuhi ndio wanaopata hasara.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba chumba chenye mlango afungao mgeni mwenyewe si jambo la kale sana. Zamani za misafara, wapagazi waliofika Bagamoyo kutoka bara walilala pamoja, kila mtu na mzigo wake karibu na kichwa. Huko Marekani nako wasafiri walizoea kulala chumba kimoja na watu wasiowajua, hata kitanda kimoja. Hoteli iitwayo Tremont House, iliyofunguliwa mjini Boston mwaka 1829, husifiwa kwa kuwapa wageni vyumba vya peke yao vyenye vitasa, na sabuni pia. Mwaka 1908, katika mji wa Buffalo, hoteli ya Bwana Statler ikaweka bafu katika kila chumba, na bei ya chumba ilianzia dola moja na nusu kwa usiku. Tangu hapo wasafiri wa kawaida wakaanza kuyadai mambo ambayo zamani yalikuwa ya matajiri tu.

Kwetu habari hii ina uchungu wake. Wazee wetu walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika mjini Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, waliishi zama ambazo hoteli za Wazungu hazikuwa na kitanda cha Mwafrika. Karani aliyetumwa safari alilala kwa ndugu, au kwa mtu wa kwao aliyehamia mji ule, au penginepo alipokaribishwa. Leo twaingia kwa mlango wa mbele, twaandika majina yetu katika daftari la wageni, twalipa fedha, twapewa ufunguo. Hayo hayakupatikana bure. Basi yatupasa tujue ni nini tunachokilipia, na tuwe na ulimi wa kukidai.

Ama adha ya kwanza ni kelele. Gesti nyingi zina baa chini na vyumba juu, na muziki hauzimwi mpaka usiku wa manane. Ukipata chumba cha nyuma, utakuta jenereta iko chini ya dirisha lako. Ukipata cha mbele, mabasi ya alfajiri hupiga honi kuanzia saa kumi. Na kuta za siku hizi ni nyembamba hata twajua jirani yetu anamdai nani na kiasi gani. Dawa ya jambo hili ni kuuliza kabla ya kulipa: baa iko wapi, jenereta iko wapi, na chumba kilicho mbali navyo ni kipi. Mhudumu hataudhika. Mara nyingi chumba hicho kipo, lakini hupewa aulizaye tu.

Adha ya pili ni kitanda. Kunguni ni mdudu wa milimita 5 hivi, mwekundu wa kahawia, naye mchana hujificha katika mishono ya godoro na nyufa za ubao wa kitanda. Aweza kukaa miezi mingi pasipo kunywa damu, kwa hiyo chumba kilichokaa kitupu si salama kwa sababu hiyo. Watu husema kunguni hukaa kwa wachafu. Si kweli. Kunguni hufuata damu na joto la mtu, na husafiri katika mikoba ya waungwana. Hajathibitishwa kueneza ugonjwa, lakini huondoa usingizi, na aibu yake huenda nawe hadi nyumbani. Kwa hiyo tukiingia chumbani, tuweke mkoba juu ya meza, tusiuweke kitandani wala sakafuni. Kisha tufunue shuka, tutazame mishono ya godoro kwa taa ya simu. Tukiona madoa meusi madogo, tushuke upesi tukaombe chumba kingine. Tukirudi nyumbani na wasiwasi, nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi, maana joto la nyuzi 50 na zaidi humwua yeye na mayai yake.

Kadhalika chandarua. Mara nyingi kipo, kimefungwa fundo zuri juu ya kitanda, nasi twakifungua saa nne usiku na kukuta matundu ya kupitisha ngumi. Mbu aletaye malaria huuma usiku, hasa watu wakiwa wamelala, na homa humpata msafiri wiki moja au mbili baadaye, akiwa amekwisha sahau chumba kile. Afadhali tuchukue chandarua chetu chenye dawa. Ni chepesi kuliko viatu vya akiba.

Adha ya tatu ni maji na umeme. Twaambiwa, "Maji ya moto yapo." Twafungua bomba, twangoja, na sabuni ikiwa imekwisha kutuingia machoni maji yanakatika kabisa. Hilo ni la kuchekwa. Lisilo la kuchekwa ni hita ya umeme ifungwayo kwenye kichwa cha bomba la mvua. Umeme wa nchi yetu ni wa volti 230, nao ukivuja ndani ya maji waweza kumwua mtu. Hita hizo hazina budi kuunganishwa na waya wa ardhini, nasi tumeona nyingine zilizofungwa kwa utepe mweusi tu. Ukisikia mikono yako yatetemeka ugusapo bomba, toka pale mara moja, oga kwa ndoo na kata kama tulivyolelewa, na asubuhi mweleze mwenye nyumba pasipo kuona haya. Mgeni atakayekufuata huenda asiwe na bahati yako.

Adha ya nne ni baridi, na hapa tutasimulia yaliyotupata wenyewe. Ilikuwa mwezi wa Julai, katika mji mmoja wa nyanda za juu za kusini. Blanketi lilikuwa moja, jembamba, na dirisha lilikuwa limezibwa kwa gazeti. Tulilala wawili, vitanda viwili. Mhudumu alituhurumia akatuletea jiko la mkaa, umekwisha kuwaka vizuri, hauna moshi. Tulimshukuru sana, tukafunga mlango, tukaziba na uwazi wa chini kwa taulo. Usiku mmoja wetu aliamka kwa haja, kichwa kikimwuma kama kinapasuliwa. Alipomwita mwenzake hakujibiwa. Tulimburura mpaka nje barazani, akatapika, na ilipita saa nzima kabla hajaweza kusimama. Hewa ile ya mkaa haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu kuliko hewa tunayoihitaji, hata mtu hufa usingizini pasipo kujua. Hatukumlaumu kijana yule, kwa kuwa alitutakia joto. Tuliomziba mdomo mauti asipige kelele tulikuwa sisi wenyewe na taulo letu. Basi tafadhalini, wanachama wenzetu: ombeni blanketi la pili, laleni na makoti yenu, lakini jiko la mkaa lisiingie chumbani.

Adha ya tano ndiyo tuliyoiona kubwa kuliko zote, nayo ni mlango. Mama mmoja, mwanachama wetu, alitupa ruhusa tuieleze habari yake pasipo jina. Alitumwa kufundisha semina ya siku tatu. Chumba alichopewa kilikuwa na kitasa, lakini komeo la ndani lilikuwa limevunjika, na funguo za kitasa zilikuwa mbili. Saa saba usiku akasikia ufunguo ukiingizwa mlangoni. Alipiga kelele, hatua zikaenda zake. Alisukuma meza hadi mlangoni, akaikalia mpaka kulipokucha. Asubuhi akaambiwa mapokezi, "Labda ni mlevi, alikosea chumba." Saa mbili alikuwa amesimama mbele ya watu 40, akifundisha. Hakumwambia mtu yeyote ofisini, kwa kuwa alijua wangemwuliza kwa nini alichagua gesti ile.

Swali hilo, waungwana, latuhusu sote. Kwa nini twazichagua nyumba zile? Tuseme kweli, maana tuko peke yetu humu. Twapewa posho ya kulala mahali pa heshima, nasi twalala mahali pa bei ya chini ili kinachobaki kilipe ada, au bati, au dawa ya mzazi. Hatumlaumu mtu mwenye watoto wanne shuleni. Nasi twafanya hivyo hivyo. Lakini tuliookoa shilingi elfu chache kwa kulala kwenye mlango usio na komeo, tukumbuke tumeuza nini. Punguzeni chakula cha hoteli, punguzeni soda, msipunguze mlango.

Tena tusijifanye watakatifu. Sisi wageni nasi ni adha. Wako kati yetu wanaofuta viatu kwa taulo jeupe, wanaoacha bomba wazi, wanaopiga simu ukumbini usiku kwa sauti ya mnada, na wanaomwita dada asafishaye vyumba kwa kupiga vidole. Dada huyo husafisha vyumba vingi kabla ya adhuhuri, na mara nyingi si yeye aliyevunja komeo wala aliyekataa kununua godoro jipya. Tukimfokea yeye, mwenye nyumba hasikii. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija mwenyeji akaugua, kosa ni la mgeni.

Basi twaleta mbele yenu mashauri matatu, mkiyapenda yawe maazimio.

La kwanza, kila mwanachama akifika gesti aombe kukiona chumba kabla ya kulipa, na atazame vitu vitano: komeo, godoro, chandarua, bomba na dirisha. Kazi hiyo haizidi dakika tano. Chenye kasoro kisemwe pale pale, kwa adabu, kwa mwenye madaraka. Manung'uniko ya asubuhi, baada ya kulala na kulipa, hayaleti komeo jipya.

La pili, ofisi ya chama iweke daftari la vyumba. Aliyelala mahali aandike mji, nyumba, tarehe, mema aliyoyaona na mabaya, kisha atie sahihi yake. Uvumi usiandikwe. Na kabla ya kuandika baya, mwenye nyumba awe amekwisha kuambiwa apate nafasi ya kutengeneza. Daftari hilo liwe mwongozo kwetu, lisiwe silaha ya kuharibia watu biashara zao.

La tatu, chama kiwaandikie wakuu wetu wa kazi kwamba mtumishi mwanamke atumwapo safari asiachwe atafute kitanda usiku peke yake katika mji asioujua. Chumba kitafutwe mapema, na aweze kueleza yaliyompata pasipo kuulizwa maswali ya kumtia aibu.

Tumesema mengi juu ya jambo ambalo tulianza kwa kukiri kwamba laonekana dogo. Mama yule atasafiri tena mwezi ujao, na mji ni ule ule. Twaomba, kabla hajaondoka, daftari liwe limefunguliwa na barua iwe imepelekwa.