Tanuri haijafa: tutafute kwanza ugonjwa, mbele ya kugusa mfuko
Maneno tuliyotoa kwenye mkutano wa wanachama, Uvira



Mulituomba tuje kueleza jambo moja: ile tanuri ya umeme ya kundi la wamama wa mikate, yenye ilizimika wiki tatu sasa, na kama chama kitoe pesa kwenye mfuko kununua ingine. Munajua mfuko huo njo huohuo wa msiba na wa hospitali. Dola inayotoka leo kwa ajili ya tanuri haitakuwa pale siku mtoto wa mmoja wetu atalazwa. Kwa hiyo, kama tutaingia kidogo katika mambo ya ufundi, mutuvumilie.

Wamama wengi wa kundi lile walijifunza kazi ya mikate kule kambini, upande wa Kigoma, kwa tanuri za udongo. Tanuri ya udongo ikiharibika unaona kwa macho: ufa uko hapa, unakanda udongo, unaziba, kesho unachoma. Hii ya umeme haionyeshi mahali inaumwa. Inanyamaza tu. Na ikinyamaza, watu wote wanasema neno moja: karti imekufa. Karti ni ule ubao mdogo wa elektroniki nyuma ya vibonyezo. Njo unapokea amri ya vidole vyenu, unasoma joto la ndani, unawasha na kuzima rezistansi. Kule mjini wamama waliambiwa karti ya aina ile haipatikani tena, bora wanunue tanuri mpya. Lakini aliyewaambia hakuwa ameifungua hata skurubu moja.

Sisi tunaona hivi: karti ishitakiwe mwisho, si mwanzo. Kuna vitu vingi vya bei kidogo, vingine vya bure kabisa, vinavyofanya tanuri ionekane imekufa.

Cha kwanza ni saa. Hapa kwetu na delestaji tulizo nazo, hili ni muhimu kuliko yote. Tanuri nyingi za okazio kutoka Ulaya zina saa ya elektroniki, na umeme ukikatika saa inapotea. Umeme ukirudi, namba zinawakawaka, na tanuri inakataa kupasha moto mpaka mtu apange saa tena, au airudishe kwenye kazi ya mkono; mara nyingi kuna alama ya mkono au ya sufuria. Taa ya ndani inawaka, pengine hata feni inazunguka, lakini joto hakuna. Haina ugonjwa wowote, inangoja kuambiwa ni saa ngapi! Vilevile kuna kufuli ya watoto, yenye alama ya ufunguo: mtu anagusa bila kujua, vibonyezo vyote vinakataa. Mbele ya kuita fundi, muangalie hayo mawili. Haigharimu franka hata moja.

Cha pili ni umeme wenyewe. Tulifika pale nyumbani saa moja ya jioni, tukaweka multimetre kwenye priza: volti 165, mahali pa 220. Watu wanafikiri volti zikipungua robo, joto nalo linapungua robo. Hapana, linapungua zaidi, sababu nguvu inafuata volti mara mbili. Rezistansi ya wati 2,000 kwa volti 220, ukiipa 165 inatoa kama wati 1,125 tu, karibu nusu. Mkate utakaa humo saa nzima na utatoka mweupe. Kwa hiyo mama anayesema "tanuri inapasha vibaya jioni, lakini asubuhi iko sawa" amekwisha kutuambia ugonjwa. Tusimcheke, tusikie saa anayotaja.

Sasa kufungua. Hapa tunasema kwa sauti kubwa, na wababa wanaopenda kujaribu watusikie: kuzima kwa kibonyezo haitoshi. Chomoa priza kabisa. Kama waya imeungwa moja kwa moja ukutani, angusha dijonkteri, kisha pima na multimetre uone kweli hakuna kitu, juu kwetu mara nyingi waya zimeungwa kinyume na dijonkteri inakata upande usio na moto. Subiri dakika tano, sababu kondansateri inaweza kuweka umeme hata kama priza imechomolewa. Na kwenye tanuri nyingi karti haina transfo, inakula umeme wa priza moja kwa moja; basi ikiwa imeunganishwa, ubao wote ni hatari, hata ule upande wa namba ndogo ndogo. Tunapima kila kitu ikiwa imezimwa. Mtu asiye na multimetre asifungue.

Vya kupima ni vitatu mbele ya kufika kwenye karti. Rezistansi: ile ya wati 2,000 inapaswa kusoma kama omu 24. Multimetre isiposoma kitu, imekatika. Na kati ya mguu wake na bati la tanuri pasiwe na njia. Ikiwepo, njo hiyo inayowarusha watu mkono wakigusa mlango. Ya pili ni sonde ya joto, kale kafimbo kembamba ndani ya tanuri. Kama ni ya aina Pt1000, kwa joto la Uvira inasoma kama omu 1,100. Ishike kwa kiganja, namba itapanda polepole. Ikikaa palepale, au ikirukaruka, sonde ni mbovu, na karti inazima kila kitu kwa kujilinda, kisha watu wanailaumu. Ya tatu ni termosta ya usalama, kidude cha duara nyuma ya tanuri, kinachokata umeme joto likizidi. Kinakata sana sana feni ya kupoza ikifa. Tunajua mafundi wanaofunga waya juu yake ili tanuri iwake. Musiwakubalie. Nyumba ya mbao na bati haiwezi kuvumilia mchezo huo, na mama analala chumba cha pili.

Kwa tanuri yetu, vyote vitatu vilikuwa sawa. Tukauliza wamama ilianzaje. Tunashukuru, walikuwa wanaangalia vizuri kuliko fundi: kwanza namba za saa zilififia, mwezi mzima. Halafu ukiwasha joto, inasikika tak-tak-tak, na saa inarudi kwenye sifuri. Halafu siku moja kimya. Hiyo hadithi ni ya karti inayokufa njaa. Karti yenyewe ilikuwa nzima, chakula chake cha umeme hakifiki chote. Rele inapojaribu kuvuta, nguvu haitoshi, inaachia, inajaribu tena: njo ile tak-tak.

Tukatoa karti. Tulipiga picha ya kila waya mbele ya kuchomoa, na tunawaomba mufanye hivyohivyo. Fizibo nzima. Varistori, kile kidonge kinachojitoa sadaka volti zikipanda, haikuwa nyeusi wala haikupasuka. Lakini kondansateri kubwa ya kuingilia, yenye imeandikwa mikrofaradi 0.47, ilisoma 0.19. Kwa macho ilikuwa mpya kabisa! Zinachoka hivyo: kila umeme ukiruka, sehemu ndogo ya ndani inaungua, na uwezo unapungua kidogo kidogo mpaka hautoshi. Na chini ya mguu mmoja wa rele, ile sehemu ya risasi ilikuwa na ufa mwembamba wa duara na rangi ya kahawia. Joto na baridi, joto na baridi, miaka, risasi inapasuka.

Fundi mmoja wa redio sokoni alisude upya mguu ule na akabadilisha kondansateri. Tulisisitiza jambo moja: iwe na alama X2, kama ile ya zamani, na mikrofaradi zilezile. Kondansateri ya kawaida ukiiweka mahali pale inaweza kuwaka moto. Ilibidi angoje itoke Bujumbura, siku nne. Kazi na kitu pamoja, dola 6. Tanuri mpya waliyoonyeshwa wamama ilikuwa dola 280. Juzi wamechoma mikate ya kwanza, na gato ya ndoa ya Jumamosi haitapelekwa kwa makala.

Hatusemi kila karti inapona. Kama kile kichwa chake chenyewe, ile chipi yenye programu, kimeungua, hapo kweli hakuna dawa hapa kwetu, na tutawaambia waziwazi. Lakini hiyo tuijue kwa kupima.

Neno moja kwa marafiki wa mbali, na tunalisema kwa heshima, juu tanuri hii ilitoka kwenu na imelisha watoto. Mukipenda kutuma ingine, mutume yenye vifungo vya kuzungusha, bila saa ya elektroniki. Haipendezi sana machoni, lakini fundi yeyote wa hapa anaijua. Na kama ni lazima ya elektroniki, mutupigie picha ya kile kibati chenye namba zake mbele ya kuituma. Stabilizateri ndogo za televizyo musitume kwa kazi hii. Tanuri ya wati 2,500 inazichoma siku ya kwanza. Kinachotufaa ni kile kifaa cha bei kidogo kinachokata umeme volti zikipanda au zikishuka kupita kiasi, na kinachosubiri dakika chache mbele ya kurudisha. Kiwe cha ampere 16 au zaidi.

Mpaka kifike, wamama wamekubaliana hivi: umeme ukikatika, aliye zamu anachomoa priza, na ukirudi anangoja dakika kumi.

Multimetre ya chama itakaa kwa mama mweka hazina, pamoja na daftari la kuandika nani ameichukua na amepima nini. Jumamosi saa tatu tutafungua tanuri ya pili, ile ya mtaa wa juu yenye inawaka lakini haizimi. Hiyo tunafikiri ni rele iliyogandana. Anayetaka kuona aje na kalamu.