Mfupa wa Mtoto Unaokua: Jinsi ya Kuelewa Picha ya Eksirei

Maandishi ya mazungumzo ya afya kwa wazazi na walezi wa Thika na Ruiru



Watoto hupelekwa kila mara kupigwa picha ya eksirei katika Hospitali ya Thika Level 5, Hospitali ya Ruiru Level 4 na kliniki za kibinafsi. Mmoja ameanguka kutoka kwenye mti wa avokado. Mwingine ameteleza kwenye ngazi za ploti. Mwingine mguu wake umenaswa na spoku za baiskeli. Mzazi akipewa picha huiinua kwenye mwanga, na anachokiona humshtua. Kati ya mfupa na ncha yake pana mstari mweusi, na kwenye kifundo cha mkono kuna mifupa ambayo haionekani kabisa.

Kuna mzazi anayedhani mtoto amevunjika mahali patatu. Kuna mwingine ambaye, akiambiwa picha haionyeshi mfupa uliovunjika, humfungua mtoto bendeji na kumrudisha uwanjani kesho yake. Wote wawili wamekosea kwa sababu moja: wameisoma picha ya mtoto kana kwamba ni ya mtu mzima.

GEGEDU KWANZA, MFUPA BAADAYE

Kila aliyewahi kula kuku anaijua gegedu. Ni ile sehemu nyeupe, laini, inayotafunika kwenye ncha ya mfupa. Mifupa mingi ya mtoto huanza ikiwa gegedu tupu tumboni mwa mama. Halafu madini ya kalsiamu huingia kidogo kidogo, na gegedu hubadilika kuwa mfupa mgumu. Kazi hiyo huanza katikati ya mfupa, kisha vituo vingine vya mfupa hutokea kwenye ncha zake, kila kimoja kwa wakati wake.

Miale ya eksirei huzuiwa na kalsiamu. Ndiyo maana mfupa mgumu hutokea mweupe kwenye picha. Gegedu haina kalsiamu ya kutosha kuizuia miale, kwa hiyo hupitwa kama nyama na haionekani. Pale mzazi anapoona pengo, mara nyingi pana gegedu nzima inayofanya kazi yake vizuri.

RATIBA YA MIFUPA

Mifupa hufuata ratiba, na daktari huisoma picha akiwa na ratiba hiyo akilini. Kifundo cha mkono cha mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto mchanga akipigwa picha, hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaoonekana. Miwili ya kwanza hutokea katika miezi ya mwanzo, na wa mwisho huweza kungoja hadi mtoto afikishe miaka 8 au zaidi. Kifuniko cha goti huanza kuonekana mtoto akiwa na miaka 3 hadi 6. Hakika kipo tangu kuzaliwa, ila ni cha gegedu.

Kiwiko ndicho huwasumbua hata wahudumu. Kina vituo 6 vya mfupa, ambavyo hutokea mtoto akiwa na takriban miaka 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Wasichana hutangulia wavulana. Kipande kidogo cheupe kando ya kiwiko cha mtoto wa miaka 5 huweza kuwa kituo cha kawaida. Kikionekana mahali kisipostahili, au kabla ya kile kinachopaswa kukitangulia, huweza kuwa kipande cha mfupa kilichong'oka. Ndiyo sababu mhudumu huuliza tarehe kamili ya kuzaliwa, na wakati mwingine daktari huagiza mkono usioumia nao upigwe picha ili ailinganishe mikono yote miwili. Si njama ya kuongeza gharama.

Nyonga nayo ina ratiba yake. Kichwa cha mfupa wa paja ni gegedu wakati wa kuzaliwa, na mfupa wake huanza kuonekana mtoto akiwa na miezi 4 hadi 6. Kabla ya hapo, kipimo kinachofaa ni ultrasaundi, ambayo huiona gegedu. Mtoto aliyetanguliza makalio tumboni, au ambaye ndugu yake alizaliwa na nyonga iliyoteguka, achunguzwe mapema. Na ile desturi ya akina mama na shosho ya kumbeba mtoto mgongoni, miguu ikiwa imetanuka kiunoni, ni nzuri kwa nyonga. Kinachodhuru ni kumfunga mtoto mchanga kwa shuka huku miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja.

TABAKA LA UKUAJI

Ule mstari mweusi karibu na ncha ya mfupa huitwa tabaka la ukuaji. Ni gegedu nyembamba, na ndipo mfupa unapoongezeka urefu. Mtoto anaporefuka na suruali ya shule kuwa fupi, kazi imefanyika hapo. Akimaliza kubalehe, tabaka hilo hugeuka mfupa, mstari unafungika, na kurefuka kunakoma.

Tabaka hili ni dhaifu kuliko mfupa uliolizunguka, na mara nyingi ni dhaifu kuliko kano zinazoshika kiungo. Anguko ambalo lingemtegua mtu mzima kifundo huweza kupasua tabaka la ukuaji la mtoto. Mwaka 1963, madaktari wawili wa Toronto, Kanada, Robert Salter na Robert Harris, waliyapanga majeraha haya katika aina 5, na mpangilio wao ungali unatumika. Aina ya kwanza na ya tano huweza kujificha kwenye eksirei, kwa kuwa jeraha limebaki ndani ya gegedu.

Hapa ndipo penye hatari. Tabaka likiumia upande mmoja na lisitibiwe, upande huo huweza kusimama na mwingine ukaendelea kukua. Baada ya mwaka mmoja au miwili mkono huanza kupinda, au mguu mmoja huwa mfupi kuliko mwenzake. Wakati huo watu wameshausahau mchezo ulioleta jeraha.

Kwa hiyo, mtoto anayeumia akibonyezwa juu ya ncha ya mfupa, aliyevimba, au anayekataa kutumia mkono au kukanyaga, hutunzwa kama aliyevunjika hata kama picha ni safi. Hufungwa plasta au ubao na kuambiwa arudi. Eksirei ya pili, baada ya siku 10 hadi 14, huweza kuonyesha mfupa mpya unaojenga mahali palipoumia. Kwenye kiwiko daktari hutazama pia kivuli cha mafuta nyuma ya kiungo. Kikiwa kimesukumwa nje, ni dalili kwamba kuna majimaji, mara nyingi damu, ndani ya kiungo, na huenda pana mpasuko usioonekana. Tarehe ya kurudi ni sehemu ya matibabu. Mzazi asiiruke kwa sababu maumivu yamepungua.

Kumpeleka mtoto kukandwa kabla ya picha ni kuhatarisha kiungo chake. Kukanda huweza kusogeza kilichopasuka, na kufunga vijiti kwa nguvu huweza kuzuia damu. Vidole vikiwa baridi, vimepauka, vimekufa ganzi, au mtoto akilia sana baada ya kufungwa, arudishwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

MIGUU YA MATEGE

Swali jingine linaloulizwa sana kliniki ni la miguu iliyopinda. Watoto wengi huwa na matege hadi karibu miaka 2. Kati ya miaka 3 na 4 magoti huelekea kugusana, na kufikia miaka 7 miguu mingi huwa imenyooka. Yote hayo ni ukuaji wa kawaida.

Si kawaida matege yakizidi baada ya miaka 2, yakiwa mguu mmoja tu, au yakiandamana na kuvimba kwa vifundo vya mikono, vinundu kwenye mbavu, kuchelewa kutembea au vifua vya mara kwa mara. Huenda ikawa riketsi, yaani mifupa kukosa vitamini D au kalsiamu. Eksirei ya kifundo cha mkono na goti huonyesha tabaka la ukuaji limepanuka, na ncha ya mfupa imechakaa kama pindo la kitambaa lililofumuka na kubonyea kama kikombe. Gegedu imejipanga, lakini madini ya kuigeuza mfupa hayakufika.

Wengi hushangaa kusikia riketsi ipo katika nchi yenye jua kama Kenya. Ipo. Watafiti wameikuta kwa watoto katika makazi ya mabanda jijini Nairobi. Jua la barabarani halimfikii mtoto anayeshinda ndani ya chumba cha ghorofa, wala aliyefunikwa shali kuanzia kichwani hadi miguuni. Panapojengwa fleti zilizobanana, mtoto anahitaji kutolewa nje makusudi, mikono na miguu ikiwa wazi. Anayekula apewe maziwa, mayai, na omena inayoliwa pamoja na mifupa yake. Riketsi hii hutibika kwa vitamini D na kalsiamu, na miguu mingi hunyooka yenyewe mtoto angali mdogo. Dawa itolewe na mhudumu wa afya, kwani vitamini D ikizidi hudhuru.

UMRI WA MFUPA NA UMRI WA KUZALIWA

Kwa kuwa mifupa hufuata ratiba, wataalamu huitumia kukadiria umri. Shirikisho la soka duniani lilianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, likitazama kama tabaka la ukuaji limefungika. Wazazi wa wanasoka chipukizi wafahamu kuwa haya ni makadirio. Kitabu kinachotumiwa sana kukadiria umri kwa eksirei ya mkono, cha Greulich na Pyle cha mwaka 1950, kilitokana na picha za watoto wa Kizungu wa familia zenye uwezo huko Cleveland, Marekani. Lishe, maradhi na kubalehe mapema au kuchelewa huweza kusogeza ratiba.

Hata yule mtoto wa kale aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome, Turkana, mwaka 1984, ameacha fumbo hilo. Mifupa yake haikuwa imefungika, hivyo ilijulikana kwamba alikuwa angali anakua. Lakini meno yake yalielekeza kwenye miaka 8 au 9, na mifupa, ikilinganishwa na ya watoto wa leo, ikaelekeza kwenye umri mkubwa zaidi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mzazi anapompeleka mtoto kupigwa picha, abebe kijitabu cha kliniki chenye tarehe ya kuzaliwa. Aeleze mtoto alivyoanguka na mahali hasa panapouma. Abebe picha za zamani kama zipo, na azihifadhi mpya. Mama mjamzito amwambie mhudumu kabla ya kuingia chumba cha eksirei. Mionzi ya picha ya mkono au mguu ni kidogo sana, haifikii ile ya asili ambayo kila mtu huipata kwa siku moja, kwa hiyo isimzuie mtoto anayehitaji picha.

Na akishapewa picha, aulize maswali mawili: "Je, hii ni kawaida kwa umri wake?" na "Turudi lini?" Mtoto ana miaka michache tu ambayo tabaka zake za ukuaji ziko wazi. Jeraha linaloshughulikiwa ndani ya miaka hiyo lina nafasi kubwa ya kupona bila kuacha kilema.