Mwana Asiyetajwa: Kusoma Wasia na Mirathi za Pwani ya Kismayu

Wanaotafuta nasaba zao katika karatasi za kale hufundishwa mapema kutafuta wasia. Wasia, wanaambiwa, ndio picha ya familia iliyopigwa na mwenyewe kabla hajafa: aliyetajwa ni wa nyumbani, asiyetajwa alitengwa au hakuwapo. Kanuni hii ina kwao, nako ni Uingereza, ambako kwa muda mrefu mtu aliweza kumwandikia mali yake amtakaye na kumnyima mwanawe hata senti. Mjukuu wa visiwa vya Wabajuni, wa Koyama, Chovai au Chula, anayeishi leo London akiichukua kanuni hiyo akaisomea hati iliyoandikwa Kismayu au Lamu, atatoka na ukoo uliopinduka miguu juu. Hoja yangu ni kwamba wasia wa mwambao huu, kwa maumbile yake ya kisheria, kwanza ni orodha ya watu wasiorithi.

Sheria yenyewe wengi wenu mnaijua, nami sitaikawilia. Makadhi wa pwani walihukumu kwa madhehebu ya Shafi, mkononi wakiwa na Minhaj ya Nawawi na sherehe zake. Fungu la mrithi limekwisha kukatwa. Wasia hauvuki thuluthi ya mali, wala haumfai mrithi ila warithi wenzake waridhie baada ya mauti. Basi mwenye mashua na minazi anapomwita mwandishi, wanawe hawana haja ya wino. Anayehitaji wino ni mjukuu aliyefiwa na baba, kwa kuwa ami zake walio hai wanamzuia, ni mtoto wa kulea, ni mtumwa aliyeachwa huru, ni msikiti. Msomaji aliyezoea wasia wa Kiingereza huona nyumba imeandikiwa fulani, akamfanya fulani kuwa mwana. Dhana ya kuanzia ingekuwa kinyume: fulani ametajwa kwa sababu fungu hakuwa nalo. Na tahadhari izidi kwa hati zilizotangulia 1907, mwaka ambao hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika Himaya ya Afrika Mashariki, Kismayu ikiwa ndani yake. Aliyeachwa huru aliweza kuitwa kwa mji wa bwana wake, na bwana akawa na haki ya kumrithi iwapo hakuacha warithi wa damu waliomaliza mali. Jina la mji pekee halithibitishi damu.

Nitajibiwa kwamba wana hutajwa, tena kwa majina kamili. Ni kweli, lakini hebu tutazame wametajwa kama nani. Mara nyingi mwana ni wasii, yaani msimamizi wa kulipa madeni na kutoa thuluthi, na hiyo ni kazi, si fungu. Mara nyingine ni shahidi, au ni mrithi anayeandika ridhaa yake. Pengine mke au binti anatokea kama mdai: marehemu anakiri kwamba ana deni lake. Hapo ndipo msomaji mwepesi huandika kwamba mwanamke huyu alikuwa tajiri mkopeshaji. Huenda alikuwa, na huenda pia ikirari ile ilikuwa njia ya kumpa mrithi kile ambacho wasia usingeweza kumpa, kwa sababu Mashafi hukubali ikirari kwa mrithi hata katika ugonjwa wa mauti. Kwa sababu hiyo hiyo yale maneno ya mwanzo, kwamba mtoaji ana afya na akili timamu, hayakuwekwa kwa pambo. Zawadi iliyotolewa katika ugonjwa wa mauti huhesabiwa kama wasia na kubanwa ndani ya thuluthi. Mwandishi alikuwa akiikinga hati na mabishano ya kesho. Wanaoyaruka maneno hayo ili wayafikie majina haraka wanatupa nusu ya ushahidi.

Kama si wasia, tusome nini? Mirathi, na hasa daftari la kadhi. Kwa bahati njema pwani hii ina daftari moja lililohaririwa kwa uangalifu ambao ningeutamani kwa kila mji wa Waswahili: rejista ya mahakama ya makadhi wa Barawa ya 1893 hadi 1900, iliyotolewa na Alessandra Vianello na Mohamed M. Kassim huko Leiden mwaka 2006, juzuu mbili. Barawa si Ubajuni. Ni mji wa wasemaji wa Chimwini, kaskazini ya Kismayu, na sidai kwamba wavuvi wa visiwani walikwenda kushtakiana huko. Lakini sheria ni ile ile, bahari ni ile ile, na kilichomo ni kazi ya kila siku: mauzo, madeni, uwakala, mirathi. Daftari la aina hii halikuandikwa ili kumpendeza mjukuu. Liliandikwa ili mtu asidai mara mbili, na kwa hiyo halina sababu ya kupamba nasaba, tofauti na shajara za koo zinazotupeleka moja kwa moja hadi Shungwaya au Uarabuni. Nakala tano za shajara kama hizo ningezibadilisha kwa ukurasa mmoja wa kadhi.

Thamani yake kuu imo katika sehemu za hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni: mwanamke anauza mafungu 17 kati ya 96 ya jahazi la baba yake, na hati haimtaji ndugu yeyote. Kama mali haijapita katika kifo cha pili, hesabu hii inasema mengi. Mafungu 17 ya watoto kati ya 24 yanabaki pale mjane, au wajane pamoja, wanapochukua thumni, na mzazi wa marehemu, au nyanya, akachukua sudusi. Robo ya hayo 17 ndiyo 17 kati ya 96. Mwanamke hupata robo ikiwa tu anagawana na mwanamume mwenye mafungu mawili na mwanamke mwingine mwenye moja. Basi alikuwa na kaka mmoja na dada mmoja, ingawa kalamu haikuwagusa. Laiti muuzaji angekuwa mwanamume, tungetafuta mgawo mwingine, kwa mfano wana wanne. Hapana wasia unaotoa habari kama hii.

Kuhusu hati zenyewe nitasema machache. Mwandiko wa haraka huacha nukta, na herufi za Kiarabu hazikuwa na sauti ya ch. Tena Kibajuni husema ch mahali pengi ambapo lahaja nyingine husema t, na ndiyo maana kisiwa ambacho wenyewe hukiita Chula kimeandikwa pia Tula. Tofauti ya namna hii isitufanye tuzae vijiji viwili au mababu wawili. Mafungu, kwa uzuri wake, huhimili makosa ya nukta: ukisoma jina vibaya, jumla bado lazima ikamilike.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba watu hawakufuata kitabu, mabinti wakanyimwa. Wakati mwingine ndivyo, lakini mwenye kunyimwa ndiye hasa anayefika kwa kadhi, na dai lake linabaki na kiwango chake. Kinachoniweka pabaya ni mpaka. Uingereza iliikabidhi Jubaland kwa Italia mwaka 1925, na familia moja ikawa Kismayu na Kiunga chini ya dola mbili. Kenya ilitunga sheria ya urithi mwaka 1972, ikaanza kutumika 1981, na Waislamu wakatolewa humo 1990. Somalia, Januari 1975, Rais Siad Barre alitangaza sheria ya familia iliyosawazisha mafungu ya wanaume na wanawake, akawaua masheikh kumi walioipinga. Tangu hapo, hadi serikali yake ilipoanguka 1991, hesabu ya hati rasmi za Kismayu haikutofautisha tena mwanamume na mwanamke. Binti mwenye nusu ya mali ya baba yake katika hati ya 1920 hakuwa na kaka wa kurithi naye; mwenye nusu katika hati ya 1980, huenda kaka yake ndiye mwenye nusu ya pili.