Mbuzi Ndani ya Sanduku

   Kina bibi wa Goma, Bujumbura na Mombasa, nawaona, msininunie.

Mimi niliingia Marekani na mbuzi. Chekeni tu! Mbuzi ya kukunia nazi, ya bibi yangu wa Pangani, ubao umekaliwa mpaka unang'aa. Afisa forodha akaligeuza lile jino la chuma, akauliza hii silaha gani. Ikabidi niikalie palepale uwanja wa ndege, nimkunie hewa. Majira yale ya theluji nazi sikuwa nayo, lakini jioni niliikalia hivyohivyo.

Wenyeji wetu Weusi wa nchi hii jambo hili, kitu cha kawaida kubeba kumbukumbu ya mtu, wanalijua kutuzidi. Mwaka 1942, Gee's Bend kule Alabama, Missouri Pettway alikuwa amefiwa na mume. Akachukua nguo zake za shamba, akazikata, akashona blanketi la viraka ajifunike. Itazameni buluu ile: hapa imekoza, pale imepauka kwa jua na jasho. Duka gani linauza rangi hiyo? Sasa blanketi hilo ni mali ya National Gallery of Art, hapahapa Washington, kuingia bure. (Halitundikwi kila siku, ulizeni kwanza. Na mpande treni, maegesho ni balaa.) Harriet Powers wa Georgia, aliyezaliwa utumwani, shida ilimfanya auze blanketi lake la hadithi za Biblia kwa dola 5, mwaka 1891. Lakini alimweleza mnunuzi kipande kwa kipande, maelezo yakaandikwa, ndiyo maana tunayo.

Sisi je? Kanga za mama zimo kwenye mfuko mweusi chini ya ngazi. Mtoto akiuliza, tunamjibu, "hayo ya zamani." Nani atamweleza?

Na wazee mniwie radhi: msiba wa juzi tumechangisha kwa makundi mawili ya WhatsApp, kila moja na mweka hazina wake, kila moja limenuna. Jamani! Kina mama wa Gee's Bend na majirani zao, mwaka 1966, walifanya ushirika mmoja, wakauza mablanketi yao pamoja, nao walikuwa maskini kutushinda.

Basi mwezi ujao kila nyumba ije na kitu kimoja: kawa, ungo, kibuyu, hata sufuria iliyotoboka. Mtoto ndiye atakayekieleza, si nyie, kwa hiyo anzeni kumsimulia leo usiku. Watanzania na Wakenya msitengane meza! Tarehe atatuma katibu. Majina yaandikwe sasa hivi, kabla ya pilau, maana baada ya pilau nawajua.