Haki ya Kusikizwa: Mfanyakazi wa Benki Mbele ya Mahakama ya Kazi

(Hotuba iliyotolewa kwa wanaharakati na washirika wa makanisa ya Eastlands, Kaloleni, Nairobi)



Tumekutana katika mtaa wenye kumbukumbu nzito. Ni katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, ambapo Makhan Singh, mtetezi wa wafanyakazi, alisimama akadai uhuru kamili. Majuma machache baadaye alitiwa mbaroni, na hakuachiliwa hadi mwaka 1961. Si mbali na hapa upo uwanja wa Kamukunji, ambako tarehe 7 Julai 1990 wananchi walikabiliwa kwa marungu kwa sababu ya kudai vyama vingi. Wazee hao hawakutenganisha kura na mshahara. Nasi leo hatutavitenganisha.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulishangilia kwamba mwananchi angesikizwa na serikali yake. Lakini karani aliyekuwa Kamukunji siku ya Jumamosi alirudi Jumatatu katika benki ambamo hakuwa na haki hiyo. Kwa sheria ya siku zile, mwajiri aliweza kumwachisha mtu kazi bila kutaja sababu, mradi amlipe fedha za notisi. Katika rufani ya mwaka 1992 iliyohusu kampuni ya Rift Valley Textiles, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba kanuni za haki ya asili haziingii katika mkataba wa kawaida wa kazi, isipokuwa wenye mkataba wenyewe wameziandika humo. Na Mahakama ya Viwanda, iliyoanzishwa mwaka 1964, iliwasikiliza waajiri na vyama vya wafanyakazi. Mfanyakazi aliyesimama peke yake hakuwa na mlango wa kuingilia.

Mlango huo ulifunguliwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kisha ukaimarishwa na Katiba ya mwaka 2010, ambayo Kifungu chake cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Leo mwajiri hana budi kuthibitisha sababu ya kumfuta mtu. Kabla ya kumfuta kwa kosa au kwa utendaji duni, lazima amweleze tuhuma kwa lugha anayoielewa na kusikiliza utetezi wake, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Anayepunguza wafanyakazi lazima atoe notisi ya mwezi mmoja au zaidi, na alipe kiinua mgongo kisichopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka wa kazi uliokamilika.

Je, wanaodai hupata nini? Tuseme ukweli, kwa maana tumaini la uongo ni dhuluma nyingine. Wengi hushinda kwa sababu mwajiri aliruka hatua ya kumsikiliza mtu. Hata hivyo fidia haiwezi kuzidi mshahara wa miezi 12, na kurudishwa kazini ni nadra. Wengine hushindwa kwa kuwa walitia sahihi hati ya kukubali malipo na kuachilia madai yote, wakiwa na haraka ya karo za watoto.

Wako pia wanaoshindwa na kalenda. Alikuja ofisini kwetu keshia mmoja mkazi wa Umoja. Fedha zilipungua katika sanduku lake, akaitwa jioni, akakabidhiwa barua, akatolewa nje na askari. Hakuulizwa neno. Mkopo wake wa nyumba, aliopewa kwa riba nafuu ya wafanyakazi, ukageuzwa kuwa wa riba ya soko. Aliona aibu mbele ya majirani, na hata kanisani akaacha kuimba kwaya. Alipokuja kwetu, miaka 3 ambayo sheria imeweka kuwa mwisho wa kufungua madai ilikuwa imepita, na mahakama haina uwezo wa kuiongeza. Madai yake yalikuwa na nguvu. Siku zake zilikuwa zimekwisha. Tulimsindikiza hadi mlangoni tukiwa hatuna la kumwambia.

Tumweke kando yake mfano mwingine. Wafanyakazi wa zamani 629 wa benki ya Standard Chartered walidai kwamba walipunjwa malipo yao ya uzeeni. Jopo la rufani za malipo ya uzeeni liliwapa haki mwaka 2022, na mvutano ukaendelea mahakamani hadi mwaka 2025, Mahakama ya Juu ilipoikataa rufani dhidi yao. Walikuwa wazee, lakini walikwenda pamoja, na walikuwa na karatasi zao.

Basi tunawasihi. Mali bila daftari hupotea bila habari: tunzeni barua ya kuajiriwa, hati za mshahara na kila onyo mlilopewa. Msitie sahihi hati ya kuachilia madai kabla ya kupata ushauri. Hesabuni siku tangu tarehe ya kufutwa, wala msingoje ahadi za ofisini. Na ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi ajue kwamba tangu mwaka 2018 mahakimu walioteuliwa wanaweza kusikiliza madai yake.

Nanyi makanisa, mna kazi ambayo wakili hawezi kuifanya. Mjue ni nani ameacha kuja ibadani tangu alipopoteza kazi, mkamtembelee mapema. Hajathibitishwa kuwa mwizi kwa sababu tu amefutwa. Yule keshia alihitaji jirani mmoja wa kumwondolea aibu katika mwaka wa kwanza. Sisi tulimpata katika mwaka wa nne.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ni kusikizwa.