Mtangazaji Anaishi Wapi? Vituo Vidogo, Lugha Ndogo na Hofu Kubwa

Mhadhara wa umma, Ishiara, Mbeere



Historia ya utangazaji nchini mnaijua. Ulianza mwaka 1928 kwa ajili ya walowezi, Serikali ikautwaa mwaka 1964 kwa jina la Sauti ya Kenya, na Kameme FM ikafungua mlango wa vituo binafsi vya lugha za mama mwaka 2000. Hayo nayapita. Kilichonileta ni kauli ya mwenzetu mmoja, msomi ninayemheshimu, aliyesimama kongamanoni akasema kituo cha lugha ya mama ni kiberiti, na kikiwa kidogo ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa wa nje hawakisikii. Ukumbi ulimpigia makofi. Mimi sikupiga.

Ushahidi wake ulikuwa machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya ya 2007–08 na mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Tuutazame. Ripoti ya 2008 ya Tume ya Waki, iliyochunguza machafuko hayo ya Kenya, iliandika malalamiko ya mashahidi dhidi ya baadhi ya vituo vya lugha za mama. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na tarehe 5 Aprili 2016 kesi yake ikasitishwa pasipo hukumu ya hatia wala ya kumsafisha. Lakini Kass FM ilikuwa na studio Nairobi na wasikilizaji Bonde la Ufa. RTLM, redio iliyochochea mauaji ya Rwanda, nayo ilianzia Kigali mwaka 1993, kisha mitambo yake ikaisambaza sauti hiyo mikoani. Mwenzetu ametafuta ushahidi dhidi ya vituo vidogo akaleta vikubwa viwili. Alichokithibitisha ni kwamba maneno yanayosemwa mbali na wanaoyasikia yanaweza kuua. Hapo sina ubishi naye.

Basi tutazame kidogo kwelikweli. Mei 1982, Homa Bay, kwa msaada wa UNESCO, ilifunguliwa redio ya jamii kwa Dholuo, yenye mitambo ya nguvu ndogo na ya gharama nafuu. Ilikuwa miongoni mwa za kwanza za aina yake barani Afrika. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Agosti, wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua Serikali. Waliteka studio gani? Waliteka Sauti ya Kenya, Nairobi, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kulitangazia taifa zima mapinduzi hayo. Hakuna aliyeona haja ya kwenda Homa Bay. Hata hivyo, mwaka 1984 Serikali ilikifunga kituo cha Homa Bay. Kikubwa kilichotekwa kikabaki, kidogo kikazimwa. Hofu ile ile ndiyo iliyopigiwa makofi kongamanoni.

Nitawapeleka mbali kidogo. Mwaka huo huo wa 1982, Marekani ilianzisha leseni za televisheni za nguvu ndogo. Wasemaji wa Kihispania walikuwa na televisheni tangu Raoul Cortez alipofungua KCOR-TV mjini San Antonio mwaka 1955, lakini leseni hizi mpya ziliingiza lugha yao katika miji mingi ambako kituo kikubwa kisingelipa. Masharti yalikuwa magumu: kituo cha nguvu ndogo ni cha daraja la pili, na kikigongana na kikubwa katika masafa, kidogo ndicho hupisha. Baadhi ya vituo hivyo viliendelea na mitambo ya analojia hadi ilipozimwa Julai 2021. Tena vingi viligeuka vioo vya kuakisi vipindi vya mitandao ya Univision au Telemundo kutoka mbali. Mlingoti ulikuwa mtaani, sauti ilikuwa ya kwingine. Nguvu ndogo peke yake haitoshi.

Nilikumbuka hayo sokoni hapa Ishiara, kwenye mbuzi. Redio ya mchuuzi mmoja ilikuwa ikieleza, kwa lugha wanayoielewa wote waliokuwapo, foleni ya magari katika barabara ya Thika. Mzee aliyeshika kamba ya beberu akaniuliza kama huko Thika wananunua mbuzi. Bei ya ndengu haikutajwa, wala mvua ya Oktoba, wala kama Mto Thuci umejaa.

Kuhusu swali hili hili la msemaji na wanaomsikia, mniruhusu sasa nikae na kitabu nikipendacho. H. S. K. Mwaniki alichapisha mwaka 1974 *Embu Historical Texts*, mkusanyo wa mahojiano na wazee wa Embu. Wenzangu hukichukua kama ghala la tarehe za uhamaji na vita. Mimi nakisoma kwa jambo jingine: maelezo yana wenyewe. Anasema mzee fulani, wa mahali fulani, na majirani zake wapo wa kumbishia. Simulizi moja hupingana na nyingine, na Mwaniki hazilazimishi zipatane. Ningempa kitabu hiki kila anayeomba leseni ya kutangaza, kwa sababu kinaonyesha ukweli ukilindwa na ujirani kabla ya kulindwa na sheria.

Najua upande wa pili. Kituo kidogo hukosa fedha, watangazaji wa kujitolea huhama, mwanasiasa wa eneo hununua jenereta kisha akadai kipaza sauti. Wimwaro FM ya kampuni ya Royal Media Services, kwa mtaji wake, inawafikia watu wengi kuliko redio yoyote ya kujitolea. Simu nazo zinaleta video za kila lugha. Nimeyapima yote, na mizani haijanihamisha: mtangazaji na aishi ndani ya mzunguko wa mawimbi yake.

Katiba ya 2010, ibara ya 7, inaiagiza Serikali kuendeleza lugha za kiasili. Iitekeleze hivi: kwa eneo kama hili, lenye kilima cha Kiang'ombe cha kuzuia masafa ya FM, itoe leseni za nguvu ndogo zenye sharti moja lisilojadiliwa, la makazi. Anayesema uongo hewani asubuhi akutane na waliomsikia sokoni mchana. Mwenzangu anaogopa kituo ambacho wa nje hawakisikii. Mimi naogopa mtangazaji asiyeweza kufikiwa na wa ndani.