Maswali ya Gongoni: Chuo Kikuu cha Umma na Deni Lake kwa Kaunti



Mihadhara kama huu huwa tunaisoma ukumbini kwetu chuoni. Leo tumeuleta Gongoni, huku Magarini katika Kaunti ya Kilifi, kwa sababu hoja yangu inapaswa kusikilizwa na wale inaowahusu. Hoja yenyewe ni hii: chuo kikuu cha umma huwatumikia watu wake pale mambo mawili yanapotimia. La kwanza, swali linalochunguzwa liwe ni la watu wenyewe. La pili, awepo mtu anayelipwa kuwarudishia jibu. Likikosekana moja, elimu itapatikana, pengine hata ya kuushangaza ulimwengu, lakini itawapita wenyeji juu ya vichwa vyao.

Wageni watatu

Ushahidi hauko mbali. Jirani zetu wa Ngomeni wamekaa na chuo kikuu mlangoni kwa zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Roma, La Sapienza, chini ya Profesa Luigi Broglio, kilisimamisha majukwaa ya chuma baharini katika ghuba ya Ungwana. Walitufuata kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma roketi na kuipunguzia mzigo. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Wakenya walipokuwa wakiadhimisha uhuru wao, ilirushwa kutoka hapo hapo setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani kutengwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani, nao wakaiita Uhuru. Mwanasayansi aliyeongoza uchunguzi huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Hadi 1988 setilaiti tisa zilikuwa zimerushwa kutoka bahari ya Ngomeni.

Mgeni wa pili alikwenda Mambrui. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walifukua huko sarafu ya shaba ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala China mwanzoni mwa karne ya 15. China ilitaka kujua habari za safari za jemadari wake Zheng He, na jibu moja lilikuwa chini ya mchanga wetu.

Kazi hizo mbili ni za heshima, wala sizibezi. Ila maswali yalikuwa ya wageni, na majibu yakaenda kwa waliouliza. Sisi tulisubiri hadi Mei 2018 ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kushirikiana na hao hao wa La Sapienza, kikapeleka setilaiti yake ndogo angani. Tangu San Marco 2 ilikuwa imepita miaka 51.

Mgeni wa tatu alifika Kilifi mwaka 1989, wakati taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ilipoungana na Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la Wellcome la Uingereza. Hapa mambo yalikwenda vingine, kwa kuwa swali lilikuwa ndani ya wodi ya watoto: mbona wanakufa kwa malaria, na nini kitawaokoa? Watafiti waligawa vyandarua vilivyotiwa dawa katika baadhi ya vijiji, wakalinganisha na vijiji ambavyo havijapata. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996: vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa takriban theluthi moja. Muongo mmoja baadaye serikali ilikuwa ikigawa vyandarua bure kwa mamilioni nchi nzima. Tofauti ya huyu wa tatu si kwamba ana akili kuwashinda wale wawili. Swali lake lilikuwa la mama wa Kilifi, na maabara yake ilipakana na hospitali ya serikali, kwa hiyo jibu lilikuwa na njia ya kupita. Tena aliweka wawakilishi wa jamii vijijini, watu ambao mwanakijiji anaweza kuwauliza, “Damu ya mwanangu mliyoichukua, mmeipeleka wapi?”

Maswali yaliyokwisha kuandikwa

Sasa tuna chuo chetu. Chuo Kikuu cha Pwani kilianza mwaka 2007 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, mahali palipokuwa na chuo cha kilimo cha Kilifi. Mwaka 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Huduma yake ya kwanza inaonekana bila darubini: walimu, maafisa wa kilimo, watu wa afya na wa mazingira ambao zamani ingewabidi kwenda Nairobi, Njoro au Maseno kutafuta digrii. Hilo silirefushi, kwa sababu kila familia hapa ina mtoto, mpwa au jirani wa kulithibitisha.

Lililo gumu ni utafiti. Maswali ya Gongoni hayahitaji kubuniwa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu viwanda vya chumvi vya Magarini, na ripoti ikatoka mwaka 2006. Humo wenyeji walisema habari za ardhi waliyoondolewa, ujira na hali ya vibarua, mikoko iliyokatwa, na visima vilivyogeuka chumvi. Mwaka uliofuata ndipo chuo kilipofunguliwa Kilifi. Orodha ya kazi ilikuwa tayari mezani.

Hebu tuchukue swali moja tu, la kisima, tulitazame kwa karibu. Mnajua kazi ya chumvi inavyokwenda. Maji ya bahari huingizwa au kupigwa pampu, yakapitishwa bwawa hadi bwawa, jua na upepo wa kaskazi vikiyakausha, hadi chumvi igande ivunwe. Yanayobaki ni maji machungu, mazito, yenye magnesi nyingi. Mwenye kisima anasema mabwawa yamemharibia maji. Mwenye kampuni anaweza kujibu kuwa pwani yote ina visima vya chumvi, na bahari huingia chini ya ardhi maji matamu yakivutwa kupita kiasi. Nani mkweli?

Kemia inaweza kuwaamua. Ndani ya maji ya bahari mna kloridi na mna bromidi, kwa uwiano unaojulikana. Chumvi inapoganda huondoka na kloridi nyingi, lakini bromidi karibu yote hubaki kwenye yale maji machungu. Basi kisima kilichoingiliwa na bahari kitabeba uwiano wa bahari, na kilichofikiwa na maji machungu kitaonyesha bromidi iliyozidi. Kipimo hiki peke yake hakitoshi, maana maji yaliyovuja kutoka mabwawa ya mwanzo, ambamo chumvi haijaanza kuganda, bado yanafanana na bahari. Inabidi vichimbwe vishimo vya uchunguzi kuanzia ukingo wa bwawa kuelekea kijijini, vipimwe wakati wa kaskazi na wakati wa masika, wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu. Hii ni kazi ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili, msimamizi wake, chupa safi na mwaka mmoja wa subira. Haihitaji roketi.

Nani atalirudisha jibu?

Tuseme jibu limepatikana. Litakwenda wapi? Hapa Katiba yetu ya 2010 imetuachia pengo. Jedwali la Nne limeweka vyuo vikuu chini ya serikali ya kitaifa. Kilimo, afya ya kaunti na huduma za maji ziko chini ya kaunti. Kwa hiyo mwenye elimu ana mwajiri mmoja, na mwenye kuitumia ana mwajiri mwingine. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala aliyochapisha, si kwa baraza alilohutubia. Afisa ugani naye hana kifungu cha kazi kinachomtuma kuja chuoni.

Wamarekani walikutana na tatizo hili. Sheria ya mwaka 1862 iliyapa majimbo ardhi ili yaiuze yagharimie vyuo vya kilimo na ufundi. Watu wa Magarini wataelewa upesi nikisema sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kwa wenyeji wake wa asili. Lakini vyuo vilipoanza, wakulima wengi hawakuona faida hadi sheria nyingine, ya 1914, ilipoweka maafisa ugani wa vyuo, wanaolipwa kwa fedha za serikali kuu, jimbo na kaunti kwa pamoja. Tunachopaswa kuiga ni yule mtu wa kati.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, chuo na Kaunti ya Kilifi wagawane mshahara wa afisa mmoja atakayekaa Magarini, kwa mkataba uliopitishwa na bunge la kaunti, akusanye maswali na kurudisha majibu. Pili, tasnifu yoyote iliyokusanya data hapa isikubaliwe hadi iambatane na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, uliosomwa barazani, nakala ikabaki kwa chifu na shuleni. Tatu, kampuni za chumvi ziruhusu sampuli zichukuliwe ndani ya mipaka yao, na matokeo yatangazwe hadharani, yampendeze mwenye kisima au mwenye bwawa.

Mtaniambia vyuo vya umma vinadaiwa na havina fedha. Kweli. Lakini muhtasari wa kurasa mbili si wa kuomba msaada Hazina, na mshahara wa mtu mmoja haushindi bajeti mbili zikiunganishwa. Wengine watahofu kwamba mtaalamu akifungwa kwa maswali ya kijiji, udadisi wa sayansi utakufa. Kilifi imeonyesha kinyume: swali la wodi ya watoto lilizaa elimu iliyosomwa duniani kote.

Kwa hiyo msitupime kwa majengo wala kwa idadi ya majoho siku ya mahafali. Akija mtafiti kijijini na fomu zake, mwulizeni mambo mawili kabla hamjatia sahihi: swali hili ni la nani, na jibu utaniletea lini? Asiye na jawabu la hayo mawili, mrudisheni kwetu chuoni akajipange upya.